Risiva ya Volti Mia

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, alinunua risiva kabla ya kununua godoro la kumlaza mama yake mzazi anapomtembelea. Nalisema hili mwanzoni kabisa ili mtu asije akadhani nilimdharau bila sababu. Sababu nilikuwa nazo, na nilizitunza vizuri, kama wengine wanavyotunza vyeti vyao vya shule ndani ya nailoni.

Mimi ni fundi. Baba yangu alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio kule Bukavu, mtaa wa Kadutu, na kwa kuwa Mungu alimpa mabinti tu, aliniweka mimi kwenye benchi lake. Nilijua kushika chuma cha kulehemu kabla sijajua kusuka nywele. Nilipokimbia nikafika Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi, nilikuja na mume, mama yake mzazi, kikohozi, na koleo la baba. Mume alifariki mwaka wetu wa pili kambini. Nikabaki na mama yake.

Mama mkwe wangu alikuwa na mwana mwingine aliye hai, huyo shemeji. Alikaa Kauma, Lilongwe, akiuza vitenge na viatu, wakati ule serikali ilipokuwa bado inatufumbia macho sisi wakimbizi tuliohamia mjini. Alikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma, geti la bati, na mapazia ya rangi mbili. Hata hivyo mama alichagua chumba changu, ambamo meza imejaa redio zilizopasuliwa matumbo na harufu ya risasi ya kulehemu haitoki.

"Kule kwake kuko viti mingi," aliniambia siku nilipomuuliza, "lakini hakuna fasi ya kukaa."

Kazi yangu kubwa hapa kambini ni amplifaya. Kila kanisa linayo, kila kinyozi anayo, na kila anayeuza soda anaamini kwamba soda haitanyweka bila muziki wa kupasua masikio. Hawa wote wana ugonjwa mmoja: wanaamini maandishi. Amplifaya ikibandikwa karatasi ya wati elfu tatu, basi ni wati elfu tatu, kama vile karatasi ile imeshuka na mbao za Musa. Fundi cherehani mmoja, Mrundi, mtu mwenye akili katika kila jambo jingine, aliniletea kisanduku cha namna hiyo. Nilikiinua kwa vidole viwili.

"Pasi yako ya makaa ina uzito gani?" nikamuuliza.

"Nzito."

"Hii ni nyepesi kuliko pasi. Hizo wati elfu tatu zimekaa wapi?"

Alinitazama kana kwamba nimetukana dini yake. Nilimweleza taratibu. Amplifaya ina kazi moja tu duniani: inachukua sauti ndogo, nyembamba kama uzi, inayotoka kwenye simu au kaseti, na kuipa nguvu ya kusukuma bafle, yaani spika. Nguvu hiyo haitoki mbinguni. Inatoka kwenye umeme wa ukutani, na katika zile mashine za zamani lazima ipitie kwenye transfoma, lile donge la chuma na waya mwekundu ambalo ndilo linalovunja mgongo unapobeba amplifaya ya kweli. Siku hizi wametengeneza njia nyepesi, sikatai, lakini hata njia nyepesi haigeuzi kisanduku cha mkate kuwa jenereta. Alinishukuru, akalipia, akaenda kuwaambia watu kwamba yule mwanamke ana wivu.

Nimezoea. Nilikuwa nimezoea hata kabla ya shemeji kunipigia simu siku ile, sauti yake imejaa kifua.

"Shemeji, nimepata appareil, mashine ya kweli. Si ampli ya bantu ya kambi. Ni risiva. Ya Japon. Unajua risiva?"

Nilijua risiva kabla yeye hajajua kufunga tai. Risiva ni amplifaya iliyowekewa redio ndani yake na milango mingi nyuma: mlango wa kaseti, mlango wa sahani za santuri, mlango wa televisheni, jozi za kufungia bafle. Ni kitu cha sebuleni, cha mtu anayetaka kukaa na kusikiliza. Zile za zamani za Japani ni nzuri kweli, hilo silipingi. Baba alikuwa akizifungua kwa heshima, ameosha mikono kwanza.

"Nyuma yake pameandikwa nini?" nikamuuliza.

"Nyuma? Nani anaangalia nyuma? Mbele kuko taa ya bleu!"

Hapo ndipo nilipopaswa kukata simu na kusahau habari ile. Lakini kulikuwa na suala la kaseti.

Baba mkwe wangu, ambaye mimi sikumkuta hai, alifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Kamituga wakati watoto wake wakiwa wadogo. Mke wake alibaki Bukavu. Yeye hakupenda kuandika, na mke hakujua kusoma, kwa hiyo alikuwa anaazima posti, yaani redio, yenye kaseti, anasema maneno yake, na kaseti inapanda lori hadi nyumbani. Zilikuwa nyingi. Baada ya vita ikabaki moja. Mama mkwe aliivusha kutoka Kongo hadi Malawi ndani ya soksi ya sufu, na tangu afike hakuwa ameisikia, maana hakuna tena mtu mwenye kitu cha kuichezesha.

Mwezi ule nilikuwa nimekwenda soko la Tsoka, mjini Lilongwe, kutafuta waya na kapasita, na katika rundo la vyuma chakavu nikakuta deki ya kaseti. Deki haina sauti yake yenyewe. Inasoma kaseti tu na kutoa ule uzi mwembamba niliousema. Bila amplifaya ni bubu. Mkanda wake wa mpira ulikuwa umeyeyuka kama jojo. Nilikata mwingine kutoka kwenye mpira wa baiskeli ya kabaza, zile za kubebea abiria, nikaupima, nikaukata tena, na mara ya nne deki ikazunguka kwa mwendo sawa. Niliijaribu kwa kaseti ya kwaya. Ya mama sikuigusa. Nilitaka aisikie yeye kwanza, jioni hiyo hiyo, kwenye kiampli changu kidogo cha mezani.

Ila mama, kwa furaha yake, alimpigia mwanawe simu kumwambia.

"Hapana," akasema shemeji. Simu ilikuwa imewekwa sauti, nilisikia kila neno. "Sauti ya papa haiwezi kusikika mara ya kwanza mu kile kichumba, juu ya ile kitu ya... ya batoto. Mi njo mutoto wa kwanza. Tutafanya kumbukumbu ya kifo chake hapa Kauma. Nitaita bantu ya kanisa. Papa atasema mu salon, mu bafle nne."

Mama aliisogeza simu karibu na mdomo. "Ile ilikuwa barua yangu," akasema.

"Mama, papa alikuwa wetu sote."

Akakubali. Wazee hukubali mambo kwa uchovu, na wana wao hudhani wameshinda hoja.

Jumamosi tukashuka Lilongwe, mimi na mama, deki nimeifunga kwenye kitenge na kuipakata kwenye minibasi kama mtoto mgonjwa. Tulifika Kauma asubuhi. Wageni walikuwa wameanza kuingia: wazee wa kanisa kama kumi hivi na wake zao, watu wa Bukavu wengi wao, wamevaa vizuri, wanasalimiana kwa Kifaransa cha kuonyeshana. Kulikuwa na harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, na samaki kutoka jikoni. Shemeji alikuwa ndani ya suti ya kijivu. Hakumuuliza mama yake kama amechoka. Alimshika mkono akampeleka moja kwa moja mbele ya risiva, kama mtu anayemtambulisha mama yake kwa mchumba.

Ilikuwa nzuri, lazima niseme. Uso wa fedha, kitasa kikubwa cha sauti kinachozunguka kwa uzito, kioo cha redio chenye namba. Aliiweka juu ya meza ya vioo, na pembeni bafle nne ndefu, mbili mbili, zimetazamana kama askari. Juu ya risiva alikuwa ameweka kitambaa cha kufuma na chombo cha maua ya plastiki, hapo hapo kwenye matundu ya kupumulia joto. Nikaondoa maua bila kuomba ruhusa.

"We, acha hiyo, ni decoration."

"Ni pua yake," nikamwambia. "Unamziba pua."

Nikazunguka nyuma ili niunge deki. Na nyuma kulikuwa na kibati kidogo cha chuma, kimeandikwa kwa Kijapani na chini yake kwa herufi zetu. Volti mia moja.

Nitaeleza hili kwa wepesi, maana si jambo gumu. Ni jambo ambalo watu hawataki kuinama wakalisoma. Kule Japani umeme wa nyumbani ni volti mia. Huku kwetu ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Risiva iliyotengenezwa kuuzwa kwao ikichomekwa kwenye ukuta wetu, inapokea dozi mbili za dawa kwa mkupuo mmoja. Ipo tiba: kisanduku cha kupunguza umeme kinachowekwa kati ya ukuta na mashine. Kila duka linalouza vitu hivyo linacho chini ya meza, na ndicho wanachotumia kumwonyesha mteja kwamba mashine inapiga. Kisha mteja anafungiwa mashine, kisanduku kinabaki chini ya meza.

Nikamvuta shemeji pembeni, mlangoni mwa jikoni. Nilifanya hivyo kwa adabu. Nataka ijulikane.

"Shemeji, ile mashine ni ya volti mia. Ukiichomeka hapa itaungua."

"Nani alikuambia?"

"Imejiandika yenyewe, nyuma. Wakati unainunua walikupa kisanduku cha pembeni, kizito hivi?"

"Shemeji, mi nilisikia muziki kwa masikio yangu, mu duka. Ilipiga mpaka vioo vikatetemeka."

"Ilipiga kwa kisanduku chao. Umeshaichomeka hapa nyumbani?"

Hapo akasita. "Mara moja. Ilizima kidogo. Muuzaji akanielekeza kwa simu, nikatengeneza. Kisha umeme wa mutaa ukaenda, mpaka leo asubuhi."

"Ukatengeneza nini?"

Lakini alikuwa amekwisha kunipa mgongo, kuna mzee mmoja wa kanisa anaingia.

Nilirudi sebuleni. Mama alikuwa amekaa katika kiti kirefu mbele kabisa, miguu haigusi sakafu, soksi ya sufu imelala mapajani, tupu. Kaseti ilikuwa tayari ndani ya deki. Nikajaribu mara ya pili, sasa mbele ya watu, maana sikuwa na pengine.

"Shemeji, nakuomba. Tumia ampli yangu. Nimekuja nayo, iko mu mufuko."

Nilikitoa. Kweli ni kidogo, nimekijenga mwenyewe ndani ya debe la biskuti, na bado picha ya biskuti inaonekana upande mmoja. Wageni walikitazama. Shemeji akatabasamu, si kwangu, kwao.

"Mabibi na mabwana, tuna madame l'ingénieur hapa. Anataka tumusikilize papa mu biskwi."

Wakacheka. Watu wazima, wenye Biblia mapajani, wengine walimu wa zamani, walicheka kile kicheko cha kumpendeza mwenye nyumba. Hakuna hata mmoja aliyeinuka kwenda nyuma ya mashine kusoma kibati. Kusoma walijua wote. Nilikirudisha kiampli mfukoni, nikakaa kwenye kigoda kilichokuwa karibu na ukuta.

Swichi kuu ya umeme wa nyumba ilikuwa nyuma ya bega langu. Nilihitaji kuinua mkono tu. Nimelifikiria sana jambo hili tangu siku ile na sijalipatia jibu la kunipendeza. Sikuinua mkono kwa sababu nilitaka iungue. Nilitaka iungue mbele yao, na suti yake ya kijivu, na Kifaransa chao, na mapazia. Niliona aibu yake kabla haijafika na nikaifurahia kama mtu anayesikia harufu ya chakula.

Shemeji alitoa hotuba. Ilikuwa ndefu, na baba yake alitajwa ndani yake mara chache kuliko Japani. Kisha akainama, akachomeka.

Taa ya bluu iliwaka, kali kuliko inavyotakiwa. Mtu mmoja akapiga makofi. Halafu ukaja mlio kutoka tumboni mwa risiva, wa chini, mnene, kama nyuki waliofungiwa ndani ya pipa, na meza ya vioo ikaanza kutetemeka. Shemeji akafikiri ni muziki unakuja; alizungusha kitasa kuongeza. Mimi nikasikia harufu ya vanishi inayoungua. Harufu hiyo haisahauliki. Moshi ukatoka katika yale matundu niliyoyafungua mwenyewe, mweupe kwanza, kisha wa kijivu, ukapanda hadi kwenye mapazia. Kikapasuka kitu ndani, pwaa! Mama akapiga kelele. Hakuweza kushuka haraka kwenye kile kiti kirefu. Aliteleza, akaangukia magoti.

Hapo ndipo nilipoinua mkono nikazima swichi.

Mzee mmoja wa kanisa alikuwa ameshanyanyua jagi la maji ya kunawa anakimbilia mashine. Nilimshika mkono. "Baba, ukimwaga hayo leo tutazika," nikamwambia, ingawa umeme ulikuwa umezimwa. Nilikuwa na hasira ya kutosha watu wote mle ndani na nilitaka kumgawia kila mmoja. Tukafungua madirisha. Wake zao walikohoa ndani ya leso. Nilimwinua mama, nikamtoa nje, nikamkalisha kwenye ngazi.

Alikaa akipumua. Goti lake lilikuwa limechubuka. Baada ya muda akaniuliza, bila kunitazama:

"Ulijua?"

"Nilijua, mama. Nilimwambia mara mbili."

"Nilisikia. Mara ya tatu?"

Nikalifuta goti lake kwa ncha ya kitenge.

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Na kaseti yangu ilikuwa mle," akasema.

Nilikimbilia ndani. Deki ilikuwa na umeme wake, wa volti zetu, haikuguswa. Niliitoa kaseti, nikakaza utepe kwa kuzungusha kidole, nikamletea. Aliirudisha ndani ya soksi mwenyewe. Hakusema zikomo ya Kichewa, hakusema asante, hakusema lolote hadi tulipofika Dzaleka.

Kabla hatujaondoka nilifungua risiva, wakati wageni wanakula. Shemeji alisimama juu yangu mikono kiunoni. Transfoma ilikuwa nyeusi, imevimba. Lakini kilichonifanya nicheke kilikuwa kidogo zaidi. Kila mashine ina fyuzi, kijiti cha kioo chenye waya mwembamba ndani, ambacho kazi yake ni kufa kwanza ili vingine vipone. Fyuzi ya ile risiva ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, mizunguko mitatu, nadhifu. Kumbe ndiyo matengenezo yake. Ilipozima ile mara ya kwanza ilikuwa fyuzi inajitoa mhanga, inamwambia kwa lugha pekee inayoijua kwamba umeme umezidi. Naye akaivika sanda na kuiamuru isimame kazini.

"Wewe huvuti sigara," nikamwambia.

"Niliokota pakiti barabarani," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kusifiwa kwa ubunifu.

Kwa wageni alisema ni umeme wa mji huu, umeme mchafu, Japani hawakuutegemea. Wakaitikia. Walikula sombe wakilaani umeme. Nimeishi na wakimbizi wenzangu miaka mingi, watu waliosoma, waliopoteza vitu vikubwa kwa kuamini maneno ya wakubwa, na bado ukimsimamisha mtu ndani ya suti watamwamini.

Mama alininunia siku nne. Alikula nsima, ugali wa huku, niliyopika, aliosha sahani yake, alilala akitazama ukuta. Siku ya tano, saa nne za asubuhi, umeme ukiwepo, alikuja akasimama mbele ya meza yangu na soksi mkononi.

"Chezesha."

Nilisukuma redio za watu pembeni. Niliunga deki kwenye kile kiampli cha debe la biskuti, nikakifunga kwenye bafle moja tu, ya zamani, ya karatasi nene, niliyoiweka ndani ya sanduku la mbao za mwembe. Kiampli kile kina wati kumi na mbili. Ni wati za kweli, nilizipima. Chumba changu kina hatua tano kwa nne, na mwanadamu akiongea hahitaji hata nusu yake. Hicho ndicho kitu ambacho sijawahi kufanikiwa kumweleza mtu yeyote mwenye sebule.

Kwanza ilikuja sauti ya mvua. Mvua ya Kamituga, kwenye bati. Halafu mtu akakohoa, akasafisha koo, na akasema karibu kabisa, kama amekaa kwenye kigoda cha wateja:

"Mama batoto. Mi niko muzima. Mvua inatuua huku, lakini mi niko muzima."

Mama aliweka kiganja juu ya sanduku la bafle. Nafikiri alitaka kuhisi mtetemo.

Barua yenyewe haikuwa na hotuba yoyote. Aliomba sabuni na blanketi. Alisema jembe limwendee mjomba fulani. Alikohoa kati ya kila habari. Kisha akafika kwa mwanawe wa kwanza, na mimi nikasogeza kigoda karibu, nakiri. Alikuwa ameambiwa kwamba mtoto ameuza vitabu vyake vya shule ili anunue miwani ya jua. Nilianza kucheka. Miaka yote hiyo, mtu yule yule!

"Usimuchape," ile sauti ikasema. "Nasema usimuchape. Ule mutoto anaogopa kuonekana masikini. Ni mi nilimutia ule woga. Nilikuwa nauficha umasikini wetu mbele yake, akaona ni kitu ya kuficha. Mwambie papa atanunua vitabu vingine."

Mama alinitazama. Ni mtazamo mmoja tu, wala haukuwa mkali. Nikaacha kucheka. Sitasema kwamba dharau yangu iliisha. Haikuisha, na leo bado ipo. Ila tangu pale ilibidi niibebe ikiwa na uzito, wakati hapo mwanzo ilikuwa nyepesi mkononi.

Sauti ikashuka. "Sasa, mama batoto, kama kuko bantu karibu, baambie batoke."

"Toka inje," mama akasema.

Nikatoka, nikafunga mlango, nikasimama juani kama mteja. Mle ndani nilisikia mnong'ono wa mtu aliyekufa zamani na, mara mbili, kicheko cha mama mkwe wangu, kicheko cha msichana. Nikawaza wale wazee wa kanisa kumi na bafle nne. Nikawaza kaseti ingefika hapo mbele yao, kwa sauti kubwa, kati ya yale mapazia.

Baadaye ikaja ile amri, wakimbizi wote warudi kambini. Maduka ya wenzetu mjini yalifungwa, watu wakapandishwa magari na walichoweza kubeba. Shemeji alifika Dzaleka na mabunda mawili ya vitenge, na risiva. Ndiyo, risiva. Alikuwa ameifunga kwenye blanketi. Alipewa nafasi nyumba ya tano kutoka kwangu, akaiweka mahali ambapo mtu akipita mlangoni ataiona. Haijawahi kutoa sauti tangu siku ile na haitatoa. Majirani wanaisifia. Wengine huja kwangu kuniuliza kama naweza kuwapatia kama ile ya mzee pale.

Wiki yake ya pili hapa, mama alimwita aje kusikiliza. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, magoti yamepanda juu, mbele ya debe la biskuti. Mimi nilitoka kabla sijaambiwa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia atakapotoka, maneno niliyoyanoa tangu Kauma, mengine kwa Kifaransa ili ayasikie vizuri.

Alitoka baada ya nusu saa. Alisimama mlangoni, hajui aende wapi.

"Nilikuwa nimesahau kama alikuwa anakohoa vile," akasema.

Nikamsogezea beseni la maji anawe uso. Maneno yangu yote nikayaweka. Alikula kwetu siku ile, na kutwa nzima hakusema neno moja la Kifaransa.

Kesho yake nilikwenda bombani na ndoo. Shemeji alikuwa pale, kati ya wanaume wanne wapya waliotoka mjini pamoja naye, anaeleza kwa mikono jinsi alivyotengeneza deki ya kaseti ya marehemu baba yake kwa mpira wa baiskeli. Siri, alikuwa anasema, iko kwenye kuupima mpira. Wenzake walitikisa vichwa. Aliponiona, hakuyumba.

"Muulizeni shemeji yangu," akasema. "Alikuwepo."

Wakanigeukia. Ndoo yangu ilikuwa imejaa. Nikawaambia kwamba mpira wa kabaza ndio unaofaa, wa baiskeli mpya ni mnene mno, kisha nikajitwisha maji nikaenda zangu.